Barua ya wazi kwa wakubwa wa mawasiliano, fedha na usalama: tumeshaambiwa tuwe makini, tuambieni na jingine

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mlioko Wizara ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, TCRA (mamlaka ya mawasiliano), Benki Kuu na Jeshi la Polisi, pamoja na wakurugenzi wa mabenki ambao maghorofa yenu tunayaona kila tukishuka mwendokasi Posta. Mimi ni mhasibu. Nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo na wa kati wa Kariakoo, wauza vipuri, vitenge, simu na vifaa vya umeme. Mizigo yao inatoka Guangzhou, Yiwu, Dubai na Japani, na biashara yao yote, tangu kuuliza bei mpaka kupokea hati za mzigo, inapita kwenye barua pepe na WhatsApp.

Ombi langu ni moja, ingawa nitalizunguka kidogo. Punguzeni kutuambia tuwe makini na matapeli. Anzeni kutuambia tukishapigwa tukimbilie wapi, na tukifika huko tumkute nani.

"Ndugu mwananchi, kuwa makini." Tunalisikia redioni, tunatumiwa kwenye simu, tunalisoma kwenye mabango ya benki karibu na mashine za kutolea fedha. Ushauri ni mzuri, sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba ushauri umegeuka kuwa ndiyo huduma yenyewe. Mtu akiibiwa gari hamumpi somo la kufunga milango. Mnachukua maelezo, mnampa RB (namba ya taarifa yake polisi), mnawapigia wa vizuizi vya barabarani. Anayeibiwa kwa barua pepe anapewa mawaidha.

Na anachekwa. Mjini hapa mtu akitapeliwa hapati pole. Ataambiwa kaingizwa mjini, ataambiwa tamaa mbele mauti nyuma, na kijiwe cha kahawa kitakuwa na stori ya wiki nzima. Kicheko hicho kipo mpaka ofisini kwenu, nitawaeleza nilivyokisikia. Lakini kwanza tuone kinamsaidia nani.

Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft aitwaye Cormac Herley alijiuliza kitu ambacho wengi wetu tumewahi kujiuliza: kwa nini matapeli wa zile barua za mamilioni wanaendelea kusema wanatoka Nigeria, wakati dunia nzima inaijua hadithi hiyo? Si watunge nyingine? Jibu lake ni la kimahesabu, na mimi kama mhasibu lilinikaa vizuri. Kutuma barua pepe milioni moja hakugharimu karibu chochote. Kinachogharimu ni kushughulika na wale wanaojibu, kuwabembeleza, kuwatumia nyaraka, kuwapigia simu wiki hadi wiki. Mtu atakayejibu leo halafu keshokutwa ashtuke ni hasara kwa tapeli. Kwa hiyo barua inaandikwa ya ajabu kusudi, ili wenye shaka wajiondoe wenyewe mwanzoni na abaki yule atakayekwenda mpaka mwisho. Mimi na wewe tunaoifuta huku tunacheka, tumemfanyia tapeli kazi ya kuchambua bila malipo.

Wala mchezo huu haukuletwa na kompyuta. Eugène-François Vidocq, mhalifu wa Ufaransa aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alieleza karne ya 19 jinsi wafungwa walivyokuwa wakiwaandikia matajiri wa mikoani barua kuhusu hazina iliyofichwa na bwana aliyekimbia vita, eti imebaki gharama ndogo tu ya kwenda kuichukua. Alisema katika kila barua 100, 20 zilikuwa zinajibiwa. Hao walikuwa watu wenye mashamba na elimu zao.

Madhara makubwa ya kicheko yako kwingine, na ndiyo yananiuma mimi. Kwa kuwa tunaijua ile barua ya kuchekesha, ya mjane wa jenerali na masanduku ya dhahabu, tumeamini kwamba utapeli wote una sura ile. Na matangazo yenu yanatujazia imani hiyo hiyo: zawadi usiyoishindania, mganga, freemason, utajiri wa usiku mmoja. Mfanyabiashara wa mtaa wa Livingstone akiyasikia anajiambia, mimi hayo hayanipati. Kweli, hayo hayampati. Yanayompata ni haya.

Mchezo unaanza muda mrefu kabla hela haijatajwa. Siku moja inaingia barua pepe inayosema sanduku lake la barua limejaa, au kuna hati ya mzigo inamsubiri, abonyeze na aingize neno lake la siri. Ana wateja dukani, kijana wa mkokoteni anamwita mlangoni. Anaingiza. Hakuna kinachotokea, anasahau. Mara nyingine hata si yeye aliyeingiza, ni karani wa muuzaji kule kule China au Japani. Aliyelipata neno la siri haibi chochote siku hiyo. Anasoma. Anaiwekea barua pepe amri ya kimya ili kila ujumbe wenye neno proforma (hati ya bei ya awali) au invoisi uende pembeni, mahali ambapo mwenyewe hatazami. Anajifunza nani anamwita mwenzake kaka na nani anaanza moja kwa moja na bei. Anajua meli inaondoka lini. Wiki zinapita hivyo.

Siku ya kulipa, proforma inaingia kwa wakati wake, ikiwa na kiasi kile kile walichokubaliana, nembo ile ile, mhuri ule ule, sahihi ile ile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti na mstari mmoja wa maelezo: akaunti yetu ya siku zote iko kwenye ukaguzi wa mahesabu, tafadhali tumieni hii. Anwani ya mtumaji imepishana na ya kweli kwa herufi moja, au tarakimu 1 imegeuzwa herufi l. Na kwenye simu, ambako wafanyabiashara wetu wengi ndiko wanasomea barua zao, mara nyingi anwani haionekani. Linaonekana jina tu.

Naomba mnionyeshe ujinga uko wapi hapo. Alikuwa anasubiri invoisi, ikaja invoisi. Hakuahidiwa faida, hakuvutwa na tamaa. Alikuwa analipa deni lake kwa wakati, jambo ambalo kwa kawaida mngempongeza.

Tena hayuko peke yake. Kati ya 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya Taiwan iliyokuwa inawauzia vifaa Google na Facebook, akawatumia invoisi za kughushi, wakamlipa. Zaidi ya dola milioni 100. Kampuni ambazo barua pepe ya nusu ya dunia inapita mikononi mwao. Alihukumiwa Marekani Desemba 2019, miaka mitano jela. Na huko nyuma, kati ya 1995 na 1998, benki ya Noroeste ya Brazil ilitolewa dola milioni 242 na genge la Nigeria lililouza uwanja mpya wa ndege wa Abuja ambao haukuwepo. Aliyenaswa hakuwa mkulima wa kijijini, alikuwa mkubwa wa kitengo cha fedha za kimataifa cha benki hiyo. Sijawahi kusikia kijiwe kikiwacheka hao.

Kwa upande wa Nigeria niongeze jambo moja, maana tunaitaja kwa utani tu. Ilijiundia chombo maalumu cha uhalifu wa kifedha, EFCC, na chombo hicho ndicho kilichomfikisha mahakamani kinara wa genge lile, Emmanuel Nwude. Mwaka 2005 alifungwa miaka 25 na mali zake zikachukuliwa. Walichekwa, halafu wakafanya kazi.

Sasa nirudi kwa kile nilichoahidi. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza vipuri Gerezani, alilipa kwa TT (kutuma fedha nje kupitia benki) zaidi ya dola 30,000 za kontena la Japani kwenye akaunti ambayo haikuwa ya muuzaji. Aligundua Ijumaa asubuhi, muuzaji wa kweli alipomwandikia kuuliza mbona halipi. Japani wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo asubuhi yetu ni alasiri yao, na wikiendi ilikuwa inakuja kutoka pande zote mbili. Nilikwenda naye benki. Kijana wa kaunta alimsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Mama, hapa mfumo hauna kosa, maelekezo ni yako mwenyewe na sahihi ni yako." Kuna fomu ya kuomba fedha zirudishwe, lakini fomu ilihitaji RB. Tukaenda kituoni. RB ikahitaji karatasi ya benki inayoonyesha muamala. Karatasi ya benki ikahitaji meneja, na meneja alikuwa kwenye kikao.

Pale kituoni askari aliyetupokea alikuwa mtu mzima, si mkorofi. Alipomaliza kusoma maelezo alicheka kidogo akasema, "Sasa mama, na biashara yote hiyo, kweli unatuma hela bila kupiga simu?" Mama yule, ambaye anawaendesha mafundi na madalali wa Gerezani kama anaendesha darasa, aliinamisha kichwa. Hakuzungumza tena mpaka tunatoka. Swali lile ni la haki, tena ni swali sahihi kabisa. Kupiga simu kwenye namba ya zamani unayoijua, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya, ndiyo kinga kubwa kuliko zote na kila mteja wangu namwambia hivyo. Ila ni swali la kuulizwa kabla. Baada ya wizi, swali la askari ni hela imekwenda benki gani na saa ngapi.

Jibu rasmi la benki lilipokuja, akaunti ile ilikuwa tupu.

Marekani, ambako nao wanapigwa sana (FBI ilipokea taarifa za hasara ya takriban dola bilioni 2.9 mwaka 2023 kwa utapeli wa aina hii wa barua pepe za kibiashara peke yake), mwaka 2018 FBI iliunda kikosi ambacho kazi yake ni kuwahi fedha. Wanapokea taarifa, wanazungumza na benki inayopokea, wanazuia. Kwa fedha zilizovuka mipaka utaratibu wao unataka taarifa ifike ndani ya saa 72. Mwaka 2023 kikosi hicho kilifanikiwa kuzuia karibu asilimia 71 ya fedha za kesi kilizozishughulikia. Sisemi tuna uwezo wa FBI. Nasema kwamba siri yao kubwa ni saa, na saa ndizo sisi tulizitumia kutembea kati ya kaunta na kituo tukitafuta karatasi inayotafuta karatasi nyingine.

Najua mtasema watu wenyewe hawatoi taarifa. Kweli hawatoi, na aibu ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili hamtapenda kuisikia. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiandika maelezo polisi kwamba ameibiwa dola 30,000, ameandika pia kwamba alikuwa nazo. Mnakumbuka Mei 2023 na Juni 2024 maduka yalipofungwa kwa sababu ya mvutano wa kodi. Tangu hapo uhusiano umetengemaa kiasi, lakini hofu haijaondoka. Wengine hulipia mizigo kupitia mawakala wasio rasmi wa kutuma hela China, na hao wakiibiwa wanameza. Mimi kazi yangu ni kuwafanya walipe kodi, wala sitetei ukwepaji. Hata hivyo, kama mnataka mjue ukubwa wa wizi huu, itabidi mtamke hadharani kwamba taarifa ya kutapeliwa haitageuzwa kuwa faili la ukaguzi wa kodi. Msipotamka, endeleeni kukisia.

Na mnakisia kweli. Kwa upande wa ujumbe mfupi wa simu, TCRA mmefanya kazi inayoonekana, nami sina choyo ya kusema. Laini zilisajiliwa kwa alama za vidole, na ukomo ulipofika tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tumepata *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Tumepata 15040 ya kuwatumia ile "hela tuma kwenye namba hii" ili namba yake ifungwe. Ripoti zenu za robo mwaka zinaonyesha hata mikoa yanakotoka majaribio ya utapeli, Rukwa na Morogoro zikitajwa mara kwa mara. Barua pepe haina 15040 yake. Kuna TZ-CERT chini yenu, kitengo cha taifa cha matukio ya usalama mtandaoni, lakini tembeeni mtaa wa Aggrey kuanzia juu mpaka chini muwaulize wenye maduka kama wamewahi kulisikia jina hilo. Tunahesabu shilingi 10,000 zinazoibwa kwa meseji na hatuhesabu makontena.

Kuna kitu kingine kinachonishangaza kila mwisho wa mwezi. Mama ntilie wa Mchikichini akituma shilingi 5,000 kwa simu, jina la anayepokea linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Akiona jina silo, anafuta. Mteja wangu akituma dola 30,000 anajaza jina la kampuni na namba ya akaunti kwenye fomu, na mahali pengi duniani mfumo wa upande wa pili unafuata namba. Jina linaweza kuwa la mtu mwingine kabisa na hela ikaingia. Uingereza mabenki makubwa yalianza mwaka 2020 kulinganisha jina na akaunti kwa malipo ya ndani, na nchi zinazotumia yuro zimelazimishwa kufanya hivyo tangu Oktoba 2025. Kwa TT zinazovuka bahari najua ni kazi ngumu, na Benki Kuu haiwezi kuiamrisha benki ya ng'ambo. Lakini benki ya hapa inayo historia ya mteja. Mtu aliyekuwa analipa Japani kwenye akaunti ile ile kwa miaka, leo analipa kampuni yenye jina lile lile kwenye akaunti ya nchi nyingine. Je, ni vigumu kompyuta ya benki kupiga kelele hapo, na ofisa mmoja ampigie mteja simu? Kiasi kile kile kingekuwa ni mkopo wangempigia mara kumi.

Mabenki hamjalipa gharama yoyote ya wizi huu, ndiyo maana hamna haraka. Uingereza tangu tarehe 7 Oktoba 2024 anayehadaiwa akatuma hela mwenyewe kwa malipo ya ndani anarudishiwa hadi pauni 85,000, benki iliyotuma na iliyopokea zikigawana nusu kwa nusu. Hata huko malipo ya nje ya nchi hayamo, na sisemi tuige kila kitu. Ila angalieni walichokifanya: wameigeuza hasara ya mteja kuwa hasara ya benki, na benki yenye hasara huwa inaamka mapema.

Nizungumzie sasa upande wa ofisi za umma, kwa ufupi lakini bila kupaka mafuta. Tunaambiwa tuangalie anwani ya barua kama ni ya kweli. Tutaitambuaje ya kweli, wakati bado kuna matangazo ya ofisi za umma yenye anwani za Gmail na Yahoo? Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, mfumo wa barua pepe wa serikali upo, anwani za go.tz zipo. Ofisi inayoendelea kutumia anwani ya bure inamzoesha mwananchi kwamba serikali inaweza kumwandikia kutoka popote. Na mabenki nanyi, mnatuonya tusibonyeze viungo kwenye barua pepe, halafu mnatutumia barua pepe za Kiingereza kirefu zenye kitufe kikubwa cha kubonyeza.

Kuna na la kitaalamu kidogo. Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwaka 1982, na hazikuwa na njia ya kuhakikisha kwamba anayesema ni fulani ni fulani kweli. Marekebisho yalikuja baadaye, SPF, DKIM na DMARC, ambayo yanamwezesha mwenye anwani kutangaza kwamba barua yoyote inayojidai kutoka kwake bila uthibitisho ikataliwe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kinga hizo kwa wanaotuma barua nyingi. Mngeweza kuagiza kila taasisi ya umma na kila benki iliyopewa leseni iweke kinga hizo kwa ukali kamili, kwa tarehe moja, na mchapishe orodha ya ambao hawajaweka. Hilo halihitaji mfadhili.

Kijana aliyemaliza chuo naye ana habari yake. Anapata barua pepe ya kazi yenye nembo ya shirika kubwa, amechaguliwa, atume shilingi elfu themanini za vipimo vya afya au za kufungua faili. Anatuma. Tunamshangaa: hivi kweli kazi inanunuliwa? Jamani, tuulizane vizuri. Huyu kijana amekua akiona nini? Ameona mjomba akitoa hela ya chai ili faili lisogee, hela ya karatasi, hela ya wino, hela ya mafuta ya gari la kumkamata mwizi. Sekretarieti ya Ajira haitozi mtu kuomba kazi, na TAKUKURU wana mabango yao, lakini maisha yamemfundisha kwamba mlango usioomba kitu ndio wa kushuku. Tapeli hakuhitaji kumdanganya sana. Alikuta somo limeshafundishwa.

Sitaki nionekane nawasafisha wote. Wapo wanaojibu barua ya urithi wa marehemu wasiyemjua kwa sababu tu jina la ukoo linafanana, huku wakijua kabisa kwamba wakifanikiwa watakuwa wamemdhulumu mtu. Wa namna hiyo simlilii, na akinijia na risiti zake nitamwambia usoni. Hata yeye lakini ameibiwa, na aliyemwibia kesho atamwandikia mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina vifungu vya udanganyifu na kughushi kwa kompyuta, na havikuandikwa kwamba ni kwa ajili ya wenye busara peke yao. Kwa masikio ya mtaani, sheria hiyo inajulikana zaidi kwa watu walioshtakiwa kwa walichoandika kuliko kwa watu walioshtakiwa kwa walichoiba. Lingebadilika, tungefurahi.

Na msidhani muda uko upande wetu. Zamani barua ya kitapeli ya Kiswahili ilijiumbua yenyewe, ilikuwa na Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine, mtu "anakusalimu katika jina la fedha." Siku hizi programu zinaandika Kiswahili safi kuliko cha baadhi ya makarani wetu, na sauti ya bosi inaweza kuigwa. Ushauri wa "angalia makosa ya lugha" unazeeka haraka.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki, na naomba kiwe kazi ya ofisi moja yenye jina, si kamati. Namba moja fupi, inayopokelewa usiku na Jumapili. Anayepokea awe na ofisa wa polisi na mtu wa mabenki kwenye chumba kimoja, ili RB na ombi la kuzuia fedha vitoke kwa pamoja bila mtu kuvuka barabara. Kila benki iwe na ofisa wa zamu anayejulikana kwa jina kwa chumba hicho, mwenye mamlaka ya kutuma ujumbe wa kuzuia kwa benki ya nje saa hiyo hiyo, karatasi zifuate baadaye. Anwani ya barua pepe ya kupelekea barua za kitapeli, kama tunavyopeleka meseji 15040. Na kila robo mwaka, pamoja na hesabu za meseji, mchapishe ni taarifa ngapi za barua pepe zimepokelewa, kiasi gani kiliombwa kuzuiwa na kiasi gani kilizuiwa, benki kwa benki. Mabenki yatanuna. Yanune.

Askari wa mapokezi nao wapewe karatasi moja ya maswali: benki gani, akaunti gani, lini, saa ngapi, barua yenyewe iko wapi isifutwe. Swali la kwa nini hukupiga simu lisiwemo.

Mkiwa tayari kuitangaza namba hiyo, msiishie kwenye ukumbi wa hoteli na waandishi wa habari. Njooni Kariakoo siku ya kazi, kabla ya saa nne asubuhi maduka hayajachangamka. Viongozi wa wafanyabiashara wanajua kuita watu, na mimi nitawaleta wa kwangu. Yule mama wa Gerezani amesema atakuja, kwa sharti kwamba asiulizwe tena kuhusu simu.

Wenu,
Mhasibu, Kariakoo
Dar es Salaam